Ujuzi 11 wa Kazi ya Usalama wa Mtandao, Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Kijana yeyote akitamka mbele za watu kwamba anataka kazi ya usalama wa mtandao, atapewa ushauri wa bure na watu watano kwa mpigo, na wote watano watapingana. Mmoja atamwambia arudie hesabu. Mwingine atamshauri anunue kompyuta yenye taa kwenye kibodi. Wa tatu atamtumia picha ya cheti chake mwenyewe, bila maelezo.

Basi tumalize ubishi leo. Nimezipanga stadi 11 kutoka ya mwisho hadi ya kwanza kwa kigezo kimoja: zimewahi kuokoa nini cha kweli, ukilinganisha na mara ngapi zimepigwa picha. Jaji ni mimi. Rufaa zinapokelewa, ila majalada ya rufaa huwa yanapotea. Na kwa nini 11, si kumi? Kumi zingekufanya udhani nimepanga kwa utaratibu.

11. Kuvaa hudi nyeusi

Kila tangazo la semina lina yule mtu asiye na uso, hudi kichwani, chumba cha giza, namba za kijani zikimwagika ukutani nyuma yake. Hakuna anayejiuliza bwana huyu anazionaje herufi za kibodi. Jaribu vazi hilo Dar es Salaam mwezi wa Februari, au Mombasa mwezi wowote unaoutaka, halafu uniambie nani alizimika kwanza, wewe au seva.

Wanaofanya kazi hii kweli utawakuta na shati la mikono mifupi, chini ya taa ya ofisi, wanasoma lahajedwali. Ndiyo, lahajedwali. Pole sana.

Hukumu: alama mbili kwa mia, zote mbili za mfuko wa mbele.

10. Kukusanya vyeti

Hapa napoteza marafiki. CISSP inaheshimika na inastahili: kufaulu mtihani peke yake hakutoshi, lazima uthibitishe miaka mitano ya kazi katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya fani (shahada inaweza kukupunguzia mwaka mmoja). Kwa hiyo ukikuta tangazo la kazi ya anayeanza linalodai CISSP, aliyeliandika anatafuta mtoto mchanga mwenye ndevu. Omba hivyohivyo. Huenda hata yeye hajui alichoandika.

Halafu kuna kisa cha Februari 2014. Tovuti ya EC-Council, shirika linalotoa cheti maarufu cha mdukuzi mwadilifu, ilivamiwa, na ukurasa wake wa mbele ukabandikwa picha ya pasipoti ya Edward Snowden, yule mfichua siri wa Marekani. Rudia kusoma sentensi hiyo polepole. Wao ndio wasahihishaji wa mtihani.

Sisemi vyeti ni takataka. Security+, kwa mfano, itakusaidia kupenya kwa afisa rasilimali watu ambaye ana barua mia tatu mezani na chai inapoa. Ila nimewaona watu wenye herufi nyingi nyuma ya jina kuliko zilizomo kwenye jina lenyewe, na bado wanaandika nywila kwenye karatasi chini ya kibodi.

Hukumu: chukua kimoja, kisome kwa dhati, halafu pumzika. Cheti kitakufikisha kwenye chumba cha usaili. Humo ndani kitanyamaza kama hakikujui.

9. Kali Linux na zana zake

Kali Linux ilitoka 2013, ikirithi mikoba ya BackTrack, na inakuja na mamia ya zana ndani. Kijana huipakua kwa bando la usiku, huisakinisha, hulitazama lile dragoni kwenye kioo, hulipiga picha, hulituma kwenye kundi la darasa, na siku imeisha.

Chukua Nmap, aliyoitoa Gordon Lyon mwaka 1997. Katika The Matrix Reloaded ya 2003, Trinity anaitumia kabla ya kuingia kwenye mfumo wa umeme, na waliokuwa wakiijua walishangilia kwa sababu kwa mara moja Hollywood iliandika kitu kinachoeleweka. Zana safi. Itakuambia mlango namba 22 uko wazi. Haitakuambia nani aliufungua, kwa nini aliufungua, na nani atakuja juu ukiufunga siku ya mishahara.

Anayetaka kuzoea kweli aende OverTheWire, au picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Zote ni bure, na zote zitakudhalilisha faraghani, bila mashahidi.

Hukumu: zana kumi unazozielewa zinazishinda mia tatu unazozimiliki.

8. Hesabu

Walimu wa hesabu, kaeni kwanza. Kama huna mpango wa kubuni njia mpya za kusimba data, hesabu utakayokutana nayo kazini ni ya darasa la saba pamoja na sifuri na moja. Utajua kwamba mtandao wa /24 una anwani 256, mbili kati yake hazigawiwi watu. Utakadiria hasara kwa shilingi ili bosi aelewe. Basi.

Hukumu: usikimbie fani kwa sababu ya F ya kidato cha nne. Ila usiende nayo kwenye usaili ukiwa umeifremu.

7. Kuandika programu, na hasa kuzisoma

Ubishi wa kila mwaka: lazima nijue kuandika programu? Jibu langu litawaudhi wote. Lazima ujue kusoma. Kuandika kutakuja kwa njaa, siku utakapotakiwa kupekua mistari laki mbili ya kumbukumbu za seva kabla ya saa kumi jioni. Siku hiyo utajifunza Python kwa kasi ambayo hakuna chuo kingeweza kukupa.

Desemba 2021 ilitufundisha. Log4j, kipande cha Java kinachofanya kazi ya unyenyekevu kabisa ya kuandika kumbukumbu za mfumo, kilikutwa na tundu lililopewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Kilikuwa kimejichimbia kila mahali, kuanzia programu za makampuni makubwa hadi mchezo wa Minecraft, huku kikitunzwa na kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Swali lililowanyima watu sikukuu lilikuwa jepesi na la aibu: hiki kitu sisi tunacho wapi? Makampuni yenye mafundi wa kila namna yalitazamana.

Hukumu: ukijua kilichomo ndani ya programu zako, umeshawapita wengi wanaojua kuandika mpya.

6. Kujizuia

Ijumaa ya Mei 12, 2017, WannaCry ilikuwa inafunga mafaili ya watu na kudai fidia, kuanzia hospitali za Uingereza hadi viwandani, kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka tangu Machi. Miezi miwili watu wanabonyeza "nikumbushe baadaye".

Kijana wa miaka 22 aitwaye Marcus Hutchins, akiwa likizo kwao Devon, akaona ndani ya kirusi hicho jina refu la kikoa ambalo hakuna aliyelisajili. Akalinunua kwa dola 10.69. Kirusi, kumbe, kilikuwa kinauliza kila mara kama kikoa hicho kipo. Safari hii kikajibiwa kipo, kikaacha kuenea. Dunia iliokolewa kwa bei ya chipsi kuku za watu wawili na soda.

Ingeishia hapo ningempa nafasi ya kwanza. Agosti mwaka huohuo, akiwa uwanja wa ndege wa Las Vegas anarudi nyumbani, FBI wakamkamata. Miaka ya nyuma, akiwa bado kijana mdogo, alishiriki kutengeneza Kronos, programu ya kuiba taarifa za benki. Mwaka 2019 alikiri makosa mawili. Jaji aliupima upande wa pili wa mizani, akahesabu muda ambao tayari alikuwa ameutumikia, akampa mwaka mmoja wa uangalizi na kumwacha aende zake.

Nyumbani usitegemee jaji mwenye moyo huo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ni ya 2015, ya Kenya ni ya 2018, na zote mbili zinahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa. Hazina kifungu cha "nilikuwa najifunza". "Mlango ulikuwa wazi" nacho hakimo. Kabla hujagusa seva ya mtu, pata ruhusa ya maandishi: mfumo upi, siku zipi, mwisho wapi.

Hukumu: ruhusa ya mdomo kutoka kwa rafiki wa bosi si ruhusa, ni ushahidi.

5. Mitandao, ile ya nyaya na paketi

Hapa Waswahili tuna upendeleo wa kuzaliwa nao, na sijui kwa nini hakuna anayetutangaza. Kompyuta mbili zikitaka kuzungumza kwa TCP zinaanza kwa hatua tatu: ya kwanza hutuma SYN, ya pili hujibu SYN-ACK, ya kwanza humaliza kwa ACK. Wanafunzi hukesha wakikariri. Wewe umeifanya tangu ukiwa na miaka mitatu.

Shikamoo. Marahaba, hujambo? Sijambo.

Itazame ile ya katikati. Kwa pumzi moja mkubwa amepokea salamu yako na kutuma ya kwake. Hiyo ndiyo SYN-ACK, na sasa hutaisahau tena hadi uzeeni.

Tuendelee kidogo, maana hapa ndipo penye utamu. Fikiria watoto elfu hamsini wamepanga mstari barazani kwa babu. Kila mmoja anaamkia, babu anaitikia "marahaba, hujambo?", mtoto anatimua mbio bila kusema sijambo. Babu ni mtu wa adabu, anamngoja kila mmoja. Mgeni wa kweli akifika, babu hana nafasi. Ndivyo mwaka 1996 mtoa huduma wa intaneti wa New York aitwaye Panix alivyoangushwa. Mwezi uleule Daniel Bernstein akaja na dawa: babu aache kuweka kumbukumbu za wanaongojewa, badala yake afiche alama ndani ya ile "hujambo" yake. Atakayerudi na alama ndiye mgeni, wengine hawakuwahi kuwepo. Mbinu hiyo inatumika mpaka leo.

Na usidhani adui yuko nje kila mara. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kwa saa kama sita kwa sababu wahandisi wao wenyewe walikosea kwenye marekebisho ya mtandao wao. Mafundi waliotumwa kurekebisha walipata tabu hata kufikia mitambo yenyewe. Nyie mlidhani bando limeisha, mkanunua lingine.

Hukumu: pakua Wireshark, ni bure, usikilize paketi zako zikiamkiana. Zako, nimesema. Za jirani ziko chini ya namba 6.

4. Kukatikiwa na umeme

Najua huu si ujuzi. Usinikatize.

Juni 27, 2017, kirusi cha NotPetya kilitoka ndani ya masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc na kusambaa. Kikaingia Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena. Bandarini malori yakajipanga, kreni zikasimama. Maersk walikuwa na seva kama 150 zinazotunza orodha ya nani ni nani kwenye mtandao wao, na kila moja ilikuwa nakala ya nyenzake. Mpango mzuri sana, isipokuwa zote zilikuwa zimeunganishwa, kwa hiyo zote zilifutwa.

Zote, kasoro moja. Ofisi ya Ghana umeme ulikuwa umekatika. Seva yao ilikuwa imelala wakati wenzake wanachinjwa.

Kutuma data ile kwa intaneti hadi Uingereza, ambako mifumo ilikuwa ikifufuliwa, kungechukua siku kadhaa. Wakasema basi mfanyakazi wa Ghana apande ndege na diski mkononi. Hakuna mwenye viza ya Uingereza. Ikabidi mmoja asafiri hadi uwanja wa ndege Nigeria, amkabidhi mwenzake, huyo ndiye aende London. Kampuni yenye meli mamia ikarudishwa kwenye miguu yake na mtu aliyebeba diski akipitia uhamiaji. Maersk walilazimika kusakinisha upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa siku kumi hivi, na hasara waliikadiria kati ya dola milioni 250 na 300.

Ujuzi ulio nyuma ya kichekesho hiki ni kutunza nakala rudufu. Kanuni ni fupi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Na hiyo ya mbali iwe imechomolewa kweli. Halafu jaribu kuirudisha kabla ya siku ya msiba, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni uvumi tu.

Hukumu: watu wa mgao, samahani. Hatukujua mnatupenda kiasi hicho.

3. Imla

Mwalimu aliyekusomea maneno ukayaandika, kisha akakuchapa kwa kila kosa, alikuwa anakuandaa kwa kazi hii. Naomba uthibitisho uingie kwenye kumbukumbu za mahakama.

Februari 2016, wezi waliokuwa wameshajipenyeza kwenye mfumo wa Benki Kuu ya Bangladesh walituma maagizo 35 kwa benki ya Federal Reserve ya New York, wakitaka jumla ya karibu dola milioni 951. Walipanga kwa akili za ajabu. Walichagua Alhamisi usiku, kwa kuwa Bangladesh mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. New York nao Jumamosi na Jumapili wamelala. Fedha zilielekezwa Ufilipino, ambako Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina. Na printa ya benki iliyokuwa ikichapa taarifa za miamala waliifanya igome, wafanyakazi wakadhani ni printa tu, na nani ataishuku printa kwa kugoma?

Kisha wakamtumia mlipwaji mmoja wa Sri Lanka dola milioni 20, na badala ya "foundation" wakaandika "fandation". Deutsche Bank, iliyokuwa njiani, ikauliza: samahani, hili ni neno gani? Muamala ukasimama, milioni 20 zikarudi. Milioni 81 zilizokwenda Ufilipino zilipita salama, kwa sababu huko waliandika vizuri.

Kuandika kwenyewe ndiko upande wa pili wa namba hii. Mtihani wa cheti cha OSCP unakupa karibu saa 24 za kuvunja mashine, kisha unakupa saa 24 nyingine za kuandika ripoti. Siku nzima ya kalamu! Ripoti mbovu inaweza kukuangusha hata kama uliingia kila ulipotakiwa. Na kazini ni vilevile: mkurugenzi hatasoma kurasa themanini za picha za skrini. Atasoma aya ya kwanza. Ikiwa aya hiyo inasema "tulitekeleza tathmini shirikishi ya mihimili ya kimfumo", ataweka ripoti droo ya chini na kukuomba umtengenezee printa.

Hukumu: mwandike Kiswahili kinachoeleweka, Kiingereza kinachoeleweka, na muache kuandika "sytem" kwenye wasifu. Kuna waliokosa milioni 20 kwa chini ya hapo.

2. Kumjua binadamu

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Tanzania nzima imeupokea ujumbe huo. Hauna kirusi wala programu, na hakuna seva iliyovunjwa. Una neno "ile" tu. Neno hilo linamtafuta mtu mmoja kati ya maelfu ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa kweli anadaiwa hela na mtu. Huyo atatuma. Kenya wanaye yule anayepiga simu akilia kwamba amekutumia pesa kimakosa, tafadhali mzee, ni za hospitali. Na yule wa kukualika ujiunge na Freemason kwa ada ndogo, ambaye mimi humwonea huruma kidogo, maana utajiri wote ule na bado anaazima vocha.

Mafundi huwacheka matapeli hawa. Vibaya. Julai 15, 2020, akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Elon Musk, Bill Gates na kampuni ya Apple zilianza kuwaahidi watu kuwazidishia bitcoin. Akaunti 130 zililengwa. Waliofanya hivyo waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter wakijifanya watu wa TEHAMA wa kampuni, wakapewa njia ya kuingia. Kiongozi wao alikuwa mvulana wa miaka 17 wa Tampa, Florida. Kevin Mitnick, mdukuzi aliyekamatwa 1995 baada ya kuwasumbua FBI kwa miaka, alitumia maisha yake yote yaliyofuata kueleza jambo hilohilo kwa makampuni yaliyomlipa vizuri: kabla ya kuvunja nywila, iombe. Mara nyingi utapewa.

Sasa geuza upande. Mlinzi anayewajua watu ndiye anayepata habari mapema. Dada wa uhasibu amefungua kiambatisho kilichoandikwa "Ankara_Mpya", kioo kikapepesa. Ana njia mbili. Akikumbuka kwamba mara ya mwisho ulimsema mbele ya ofisi nzima, atazima kompyuta, atafunika na kitambaa, atakwenda kula. Akikumbuka kwamba uliwahi kumsaidia kuhamisha picha za harusi ya mdogo wake, atakuja mbio: "Kaka, njoo uone, nahisi nimeharibu." Kati ya hizo mbili kuna saa nne, na saa nne kwa kirusi cha fidia ni kampuni nzima.

Kwa hiyo ndiyo, kazi hii inahitaji kujua kuamkia, kunywa chai na watu wa ghala, kukumbuka nani ana mtoto mgonjwa. Wale waliokuja kwenye kompyuta ili wakimbie watu, nina habari mbaya kwao. Watu wametangulia kufika.

(Ukipata huo ujumbe wa "ile hela" ukiwa Tanzania, usimtukane mtumaji, ingawa ni burudani. Upeleke pamoja na namba yake kwenda 15040.)

Hukumu: ngome ghali kuliko zote ni mhasibu anayekuamini.

1. Umbea

Nilisikia mkipiga kelele "udadisi!". Mdadisi huuliza swali darasani akajibiwa, akashukuru, akakaa. Mimi namtaka asiyelala.

Mwaka 1986, maabara ya Lawrence Berkeley ya California ilimhamishia kwenye kompyuta mwanafalaki mmoja ambaye fedha za utafiti wake zilikuwa zimeisha. Jina lake Clifford Stoll. Wakampa kazi ya kumshughulisha mfanyakazi mpya: hesabu za matumizi ya kompyuta zimepishana kwa senti 75, tafuta kwa nini. Mtu mwenye akili timamu angetoa senti 75 mfukoni akaenda nyumbani.

Stoll alichimba. Akakuta mtu ametumia sekunde chache bila kulipa. Akaazima printa na mashine za watu ofisini, bila kuwauliza sana, akaziunganisha kwenye laini zote za simu zinazoingia, akalala chini ya meza akisubiri. Akamwona mgeni akipekua mifumo ya jeshi la Marekani. Ili amzuie kwenye laini kwa muda mrefu aweze kufuatiliwa, mchumba wake Stoll akashauri watunge mafaili ya siri ya uongo, marefu, yenye vyeo na mabajeti. Mgeni akakaa anasoma kama riwaya, na mwisho wa waya ukapatikana Hannover, Ujerumani Magharibi: Markus Hess, aliyekuwa akiwauzia KGB anachokipata. Mwaka wa kusaka, kwa senti 75. Hata mpangaji mwenzako anayehesabu uniti za Luku hajafika hapo.

Mkisema hiyo ni ya zamani, Machi 2024 tunaye Andres Freund. Mhandisi wa Microsoft, mtu wa hifadhidata za PostgreSQL, ambaye mwenyewe alisema wazi kwamba si mtafiti wa usalama. Alikuwa anapima mambo yake mengine akaona kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mimi tovuti ikichelewa nusu dakika nashukuru Mungu imefunguka. Yeye akakereka. Akafuata huo mkereko hadi ndani ya xz, kijiprogramu cha kubana mafaili, akakuta mlango wa nyuma.

Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa msaidizi mwema wa mradi huo, anarekebisha hiki na kile, huku majina mengine yasiyojulikana yakimshinikiza mtunzaji, aliyekuwa peke yake na amechoka, agawe madaraka. Akagawa. Mlango ule ulikuwa wiki chache tu kabla ya kuingia kwenye matoleo makuu ya Linux, yaani kwenye seva za nusu ya mambo unayoyategemea. Freund aliutangaza Machi 29, siku ya Ijumaa Kuu, akawaharibia watu Pasaka na kuwaokoa wote.

Weka hizo hadithi mbili pamoja: hakuna hata mmoja wao aliyeajiriwa kama mtu wa usalama. Mmoja alitoka kwenye nyota, mwingine kwenye hifadhidata. Walichokuwa nacho ni kutovumilia kitu kidogo kisichojieleza, na huo ndio moyo wa mmbea halisi, yule anayejua kwamba gari lililopaki kwa jirani jana usiku si la shemeji. Hii ndiyo sababu nawaambia wakaguzi wa hesabu, mafundi simu, wauguzi wa zamu ya usiku na makonda wa daladala wanaomjua kila abiria aliyeshuka bila kulipa: njooni. Mitandao mtasomeshwa. Huo moyo hausomeshwi.

Hukumu: nafasi ya kwanza, bila mpinzani. Mwenye kubisha abishe. Lakini mimi nikikabidhiwa kuajiri leo, nitauliza swali moja tu: jirani yako anatumia intaneti ya kampuni gani? Akijua, kazi ni yake. Akinitajia na nywila, namrudisha namba 6.